Diploma ya elimu maalumu: inagharimu nini, na inalipa wapi

Katika muundo wa mishahara ya walimu wa serikali Tanzania, hakuna mahali panapouliza mwalimu anamfundisha mtoto gani. Mwenye diploma anayefundisha Jiografia kwenye darasa la kawaida na mwenye diploma anayefundisha watoto viziwi wote huanzia TGTS C, yaani herufi C kwenye ngazi za mishahara ya walimu. Mwenye shahada huanzia TGTS D, na mwenye cheti cha Daraja la IIIA huanzia TGTS B. Maneno "elimu maalumu" kwenye cheti chako hayagusi herufi hiyo ya kuanzia. Kinachoigusa ni kiwango cha cheti chenyewe.

Naanza hapo kwa sababu walimu wengi wanaofikiria kwenda Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, na vijana wa kidato cha sita wanaojaza maombi ya shahada ya elimu maalumu, huambiwa kwamba fani hii ina hela. Ina manufaa, tena makubwa, na ningependa kuona watu wengi zaidi wakiichagua. Ila manufaa yake mara nyingi hayako pale yanapotafutwa. Asiyejua yako wapi anaweza kumaliza akiba yake na miaka miwili ya maisha, akarudi kwenye darasa lilelile na mshahara uleule.

Tuipige hesabu ya mshahara kwanza. Viwango vilivyoanza Julai 2022 vilikuwa shilingi 479,000 kwa TGTS B1, 590,000 kwa C1 na 771,000 kwa D1 (namba 1 ni hatua ya kwanza ya kila herufi). Mishahara ilipandishwa tena Julai 2025, kwa hiyo zichukue namba hizi kama kielelezo, kisha rudia hesabu kwa slipu yako mwenyewe. Ukitazama juu juu, kutoka B1 kwenda C1 ni nyongeza ya 111,000, na kutoka C1 kwenda D1 ni 181,000. Lakini fedha hiyo haifiki benki nzima. Mfuko wa pensheni wa PSSSF huchukua asilimia 5, bima ya afya ya NHIF asilimia 3, mchango wa chama cha walimu asilimia 2. Kisha inakuja kodi ya mapato, inayopigwa kwenye mshahara baada ya kutoa PSSSF: 270,000 za kwanza hazikatwi, zinazofuata hadi 520,000 hukatwa asilimia 8, na zinazozidi hapo hadi 760,000 hukatwa asilimia 20. Yaani kila unapopanda, kipande cha juu cha mshahara wako ndicho kinachokatwa zaidi.

Baada ya makato hayo, mwalimu wa B1 anabaki na kama 416,300, wa C1 na 502,900, wa D1 na 631,400. Kwa hiyo faida halisi ya kupanda kutoka cheti hadi diploma ni shilingi 86,600 kwa mwezi, na kutoka diploma hadi shahada ni 128,500. Tuseme mwalimu wa C1 ametumia shilingi milioni 6 za mfukoni kwa ada, chumba, nauli, uchapaji na mazoezi ya kufundisha hadi akapata shahada. Zitamrudia baada ya miezi 47, karibu miaka minne. Na miezi hiyo haihesabiwi tangu siku ya mahafali. Inahesabiwa tangu mwezi ambao mshahara umebadilika kweli, na hapo katikati kuna kupeleka vyeti kwa Afisa Utumishi, kusubiri kibali cha kubadilishiwa muundo (kuhamishiwa kwenye ngazi ya cheti kipya), kusubiri ikama (idadi ya nafasi za watumishi zilizoidhinishwa) na bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata. Mwalimu anayepanga kukopa benki kwa ajili ya masomo, akitegemea mshahara mpya ulipe marejesho, auhesabu huo muda wa kusubiri kama sehemu ya gharama.

Kuna jambo linalowaumiza zaidi walimu wenye umri kazini. Herufi za TGTS hazipandi kwa cheti tu, hupanda pia kwa utumishi. Mwalimu aliyeanza na B miaka kumi na kitu iliyopita huenda leo yuko D kwa kupandishwa madaraja. Akienda kuchukua diploma ambayo ngazi yake ya kuanzia ni C, au hata shahada ambayo ngazi yake ya kuanzia ni D, slipu yake haitakuwa na sababu ya kubadilika siku anaporudi. Faida anayoipata ni ya mbali: kila muundo una kikomo chake, na kikomo cha mwenye shahada kiko juu zaidi, pamoja na sifa za kuteuliwa kwenye nafasi za uongozi wa elimu. Kwa aliyebakiza miaka mitano kustaafu, faida hiyo ni ndogo sana. Kwa aliyethibitishwa kazini juzijuzi, ni kubwa. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwalimu kijana anayejua moyoni kwamba anataka kufundisha watoto wenye mahitaji maalumu ni kwamba asingoje. Tofauti ya mshahara anayoifuata inaliwa kidogo kidogo na kila daraja analopanda bila hicho cheti.

Kijana wa kidato cha sita hesabu yake ni nyingine, kwa sababu katikati yake ipo Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, HESLB. Mnufaika wa HESLB akishaajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye D1 ya 771,000 hiyo ni shilingi 115,650 kila mwezi, na kinachobaki baada ya makato yote ni kama 515,760. Sasa mlinganishe na mwenzake aliyechukua diploma, mzazi akamlipia ada, akaajiriwa kwa C1 na kubaki na 502,900. Tofauti mfukoni mwa hawa wawili ni shilingi 12,860. Kama deni la yule wa shahada ni milioni 12, atalikatwa kwa kama miaka 8 na miezi 8, chini ya hapo kadiri mshahara unavyopanda.

Hii si sababu ya kuikimbia shahada. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo deni halikui ukiwa umelala. Lina mwisho, na likiisha ile 115,650 inarudi kwako yote. Lakini familia inayouza shamba au ng'ombe ili kujazia pale mkopo usipofika inastahili kujua kwamba miaka ya kwanza ya kazi ya mtoto wao itafanana sana na ya jirani yao mwenye diploma, na wasimtwishe majukumu ya kulipia wadogo zake wote mwaka wa kwanza.

Kwa mwalimu aliyeko kazini, gharama inayoweza kumvunja si ada. Ni ruhusa. Mtumishi aliyepewa ruhusa ya masomo na mwajiri wake huendelea kulipwa mshahara akiwa chuoni, na mshahara wa miaka miwili ni fedha nyingi kuliko ada yoyote ya chuo cha serikali. Asiyepewa, akaamua kuondoka hivyo hivyo kwa kuwa nafasi ya chuo imetoka, anaingia kwenye utoro kazini. Kwa kanuni za utumishi wa umma, kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi kunatosha kumfukuzisha mtu kazi, na shauri lake litakwenda Tume ya Utumishi wa Walimu. Barua ya chuo ya kukupokea si ruhusa. Maneno ya Mwalimu Mkuu kwamba "wewe nenda, mimi nitakushikia" si ruhusa. Anayeweza kukuruhusu ni mwajiri, kwa barua, na kwa kawaida atataka uwe umeshathibitishwa kazini na jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri.

Anayekosa ruhusa bado ana njia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanza kufundisha mwaka 1994, kina shahada ya ualimu ya elimu maalumu, na mtu husoma akiwa kituoni kwake. Gharama yake ni usiku na likizo, na kwa walimu wanawake wenye watoto wadogo hiyo si gharama ndogo hata kidogo, kwa kuwa hakuna anayewapunguzia vipindi wala kazi za nyumbani. Wengine husoma Chuo Kikuu cha Dodoma, au chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA pale Tabora. Kabla ya kulipa popote, angalia kama programu hiyo imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa shahada, au inatambuliwa na wizara na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, kwa diploma. Siku hizi kuna kozi nyingi za mtandaoni za nje kuhusu usonji, tabia za watoto, matatizo ya kusoma. Nyingine ni nzuri na zinafundisha mambo ambayo vyuo vyetu huyagusa kidogo. Lakini cheti cha wiki sita kutoka intaneti hakikubadilishii muundo, na anayekuuzia kwa ahadi ya kupanda daraja anakudanganya.

Sasa fani yenyewe, maana hapa ndipo watu huchagua kwa haraka kuliko wanavyochagua simu. Chuo cha Ualimu Elimu Maalumu Patandi, kule Tengeru wilayani Arumeru, kinajulikana zaidi kwa maeneo matatu: ulemavu wa kuona, ulemavu wa kusikia na ulemavu wa akili. Kwa mshahara yako sawa. Kwa maisha ya kazi yako mbali mbali sana.

Ukichagua kuona, utajifunza nukta nundu. Kuijua kwa macho si kazi kubwa, ni nukta sita tu na mpangilio wake, na mtu mwenye bidii huisoma ndani ya muhula. Kazi ni kumfundisha mtoto kuisoma kwa ncha za vidole, na kufanya hivyo kwa vifaa vilivyopo. Mashine ya Perkins ina uzito wa karibu kilo 5 na funguo sita za nukta, tatu kila upande wa ufunguo wa nafasi. Chukua mashine ambayo ufunguo wa nukta ya tatu umekufa. Herufi l ni nukta ya 1, 2 na 3, herufi b ni nukta ya 1 na 2. Mtoto anaandika "lala", karatasi inatoka "baba". Mwalimu asiyejua mashine ataweka alama nyekundu ya kosa na kumwambia mtoto hajui kuandika. Anayejua atapitisha kidole, ataona kwamba nukta ya tatu haipo popote kwenye ukurasa mzima, ataifungua mashine. Hiyo ndiyo thamani ya mafunzo haya, na haimo kwenye slipu ya mtu yeyote.

Kusikia kunadai kitu kizito zaidi, nacho ni lugha kamili. Chuo kitakupa msingi wa Lugha ya Alama ya Tanzania, ila ufasaha utaupata kwa viziwi wenyewe, kwa kukaa nao, kula nao na kukosea mbele yao. Mwalimu anayefika shule kama Buguruni Viziwi akiwa na alama mia tatu za kukariri atakuta watoto wa darasa la tatu wanamzidi, na akiwa mnyenyekevu atawafanya hao walimu wake. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wanafika shuleni bila lugha yoyote, si Kiswahili wala ya alama. Kwa hiyo mwalimu asiyeijua vizuri hamcheleweshi mtoto kwenye Hisabati tu, anamchelewesha kwenye kufikiri na kuzungumza. Upande wa faida, huu ndio ujuzi unaouzika nje ya darasa: ukalimani wa taarifa ya habari, mahakamani, hospitalini, kwenye mikutano na ibada. Anayeiva kweli kwenye lugha ya alama ana kipato cha pembeni ambacho wenzake wa fani nyingine hawana.

Ulemavu wa akili na usonji ndiko kwenye vitengo vingi, yaani madarasa ya elimu maalumu ndani ya shule za msingi za kawaida, kwa hiyo ndiko ambako mahitaji ya walimu yametapakaa zaidi wilayani. Pia ndiko kazi inakochosha mwili. Kuna asubuhi ambayo somo zima ni kufunga vifungo vya shati. Kuna mtoto wa miaka kumi na miwili anayehitaji kusaidiwa chooni, na kitengo hakina matroni, na sabuni imenunuliwa na mwalimu. Maendeleo hupimwa kwa miezi, mzazi wa mtoto mwingine ameshakata tamaa, na Mkaguzi akija anauliza wastani wa ufaulu. Mtu apime uvumilivu wake kwa uaminifu kabla ya kwenda huko. Kitengo kikipata mwalimu aliyekimbilia huko kwa kuwa hakuna mitihani ya taifa ya kumsumbua, watoto wale hawana pa kumshtaki.

Ajira. Mapema 2025 walimu walifanyiwa usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira, waombaji zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Kwenye msongamano wa namna hiyo, mlango mwembamba una faida yake. Walimu wa elimu maalumu huombewa nafasi zao pembeni ya walimu wa masomo ya kawaida, na wanaoshindana humo ni wachache kuliko kwenye Historia au Kiswahili. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote za cheti hiki kwa kijana asiye na kazi, kubwa kuliko tofauti yoyote ya mshahara, kwa sababu kusubiri ajira mwaka mmojammoja nyumbani ni kupoteza mshahara mzima. Kwenye shahada, hakikisha kuwa programu unayoiomba inakupa pia somo la kufundishia. Viziwi na wasioona wanasoma sekondari, kuna shule kama Njombe Viziwi na sekondari maalumu ya Patandi, na huko anatakiwa mwalimu wa Biolojia anayejua alama. Mwenye shahada ya elimu maalumu bila somo ana mlango mmoja. Mwenye somo ana miwili.

Shule binafsi za mijini, hasa Dar es Salaam na Arusha, zimeanza kuajiri walimu wa kuwasaidia watoto wenye usonji au matatizo ya kusoma, na wapo wazazi wanaolipa mwalimu wa nyumbani kwa saa. Soko hilo lipo na linakua, ila ni la miji michache, halina pensheni ya uhakika usipoajiriwa rasmi, na linategemea sifa yako mdomoni mwa wazazi.

Limebaki la kituo cha kazi, na hili ndilo ningemwomba kila mwalimu alitangulize. Mwalimu anaweza kutoka Patandi na diploma yake nzuri, akaripoti kwenye shule aliyoiacha, isiyo na kitengo, akapewa darasa la pili lenye watoto wengi kuliko madawati. Anafundisha hivyo mwaka, miaka mitatu. Alama zinamtoka mikononi, nukta nundu zinasahaulika. Serikali ilimlipa mshahara akiwa masomoni, yeye alitumia akiba yake, na watoto waliokusudiwa, walioko kwenye shule ya wasioona ya Buigiri au kwenye kitengo cha makao makuu ya wilaya, hawajamwona. Huo ni upotevu wa pande zote na haupaswi kuvumiliwa na halmashauri yoyote.

Upande mwingine wa jambo hilo nao husemwa kwa sauti ya chini. Vitengo vingi viko kwenye shule kubwa, karibu na barabara, umeme na hospitali. Kwa mwalimu aliyeko kijiji cha mbali, elimu maalumu ni njia halali ya kuhamia mjini. Sioni ubaya mtu kutaka kuishi karibu na hospitali. Ubaya ni kufika mjini, kisha kutafuta namna ya kurudishwa darasa la kawaida na kuwaacha watoto wa kitengo na mwalimu mmoja. Na kwa mwalimu wa kijijini asiyehamia popote, mafunzo yale bado yana kazi: ni yeye atakayegundua kwamba mtoto mwenye ualbino anayeitwa mzembe ana uoni hafifu, amsogeze mbele, amwandikie kwa herufi kubwa na kumruhusu kuvaa kofia yake uwanjani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyo haki ya kusoma popote alipo.

Kwa hiyo unapoandika barua ya kuomba ruhusa kwa Mkurugenzi, ile yenye "K.K. Mwalimu Mkuu" (kupitia kwa Mwalimu Mkuu) pale juu, usiishie kwenye jina la chuo na muda wa masomo. Taja fani unayokwenda kusomea. Taja shule yenye kitengo cha fani hiyo ndani ya halmashauri yako, na uombe upangiwe hapo ukimaliza. Kabla ya kuipeleka, nenda kamwone Afisa Elimu Maalumu wa wilaya umuulize kitengo hicho kina walimu wangapi na kinapungukiwa fani gani, kwa sababu anaweza kukwambia wa akili wanatosha na wa kusikia hayupo hata mmoja. Halafu pitia kwa Afisa Utumishi na slipu yako mkononi, akuonyeshe kwa herufi na namba utawekwa wapi ukirudi. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Barua hiyo haimfungi Mkurugenzi, lakini siku utakaporipoti na kukuta jina lako limeandikwa kwenye darasa la kawaida, utakuwa na karatasi ya kuanzia mazungumzo.